Sura ya Saba: Mstari wa Ng'ombe

Afande Kinyaa alikuwa ameisoma ripoti ya Mkemia mpaka kona za karatasi zimelegea, na kila alipofika mwisho alijisikia hamu ya kunawa mikono.

Jina la Kinyaa alipewa na wenzake wa kitengo cha upelelezi kwa sababu hakai kwenye kiti cha mtu bila kukifuta kwanza. Lilipomfikia masikioni hakulikataa. Aliona ni afadhali hilo kuliko la mpelelezi aliyemtangulia, aliyeitwa Mama Huruma, ambaye alilia na ndugu wa kila marehemu na hakumfunga mtu hata mmoja. Waliodhani kinyaa chake ni cha vumbi na mate tu walikuwa hawajamwona mbele ya kazi iliyofanywa ovyo.

Na kesi hii ilikuwa imefanywa ovyo mahali fulani, ila hakujua wapi.

Watoto watatu wa shule moja ya bweni walikuwa wamekufa baada ya kula mchuzi wa nyama ya kusaga. Wengine walilazwa hospitali, miili imekakamaa na meno yameng'atana. Mabaki ya mchuzi yalipopimwa yalikutwa na sumu, na jioni ileile Mpishi wa shule akatiwa pingu. Hoja dhidi yake zilikuwa fupi na zilimpendeza sana Mkuu wa kitengo. Chungu kilikuwa mikononi mwake. Yeye mwenyewe hakuonja. Na binti yake, aliyesoma hapohapo, alirudisha sahani jikoni bila kugusa chakula. Mpishi alipoulizwa kuhusu hilo alijibu kwamba binti alikuwa anaumwa tumbo, ingawa mlezi wa bweni alisema binti huyo usiku ule alikula mkate kama kawaida na kuomba mwingine. Jumatatu Mpishi angesomewa shitaka la kuua.

Kinyaa hakuwa na huruma ya kumgawia, ila alikuwa na swali. Sumu ya kuua watoto watatu lazima iwe imekaa ndani ya kitu: chupa, mfuko, hata kipande cha karatasi. Jiko lilipekuliwa, chumba cha Mpishi kilipekuliwa, mapipa ya taka yalimwagwa chini na kuchambuliwa, na Kinyaa mwenyewe alisimama katikati ya zile taka akiwa amevaa glavu mbili mbili. Hawakupata kitu. Kama sumu haikutoka jikoni, basi ilikuja na nyama. Lakini mlango huo Mkemia alikuwa ameufunga. Nyama, ripoti ilisema, ni ya ng'ombe, kama Muuza Nyama aliyeiuzia shule alivyoahidi, kwa hiyo hakuna aliyeishuku tena. Muuza Nyama akaachwa aende zake, na aliondoka akiwapa askari mkono mmoja mmoja kama mgombea.

Kilichomkwaza Kinyaa ni namba moja kwenye jedwali la nyuma, mahali ambapo watu hawasomi. Kufanana, jedwali lilisema, ni asilimia themanini na mbili. Alimpigia Mkemia simu kumuuliza maana yake. Mkemia alimjibu kwa sauti ya mtu anayemweleza mtoto mdogo kwamba mambo ya vinasaba hayafundishwi chuo cha polisi, na kwamba benki kubwa ya vinasaba iliyoko mtandaoni, inayotumiwa na dunia nzima, ndiyo iliyosema ng'ombe, si yeye. Kisha akakata simu. Kinyaa akaifuta simu kwa kitambaa, mbele na nyuma.

Jumamosi alikwenda kwa wifi yake. Njiani ilimbidi avuke barabara na kuziba pua, kwa sababu lori la halmashauri lilikuwa limesimama kwenye kona likipakia mbwa. Ilikuwa ile operesheni ya kupunguza mbwa wasio na wenyewe: wanatupiwa chambo chenye sumu, kukikucha wanaokotwa. Miguu yao ilikuwa imenyooka na kukauka kama miguu ya meza, na ilichomoza juu ya ubao wa lori. Mmoja wa wapakiaji alikuwa anakula mkate bila kunawa. Hilo ndilo lililomkera Kinyaa zaidi, akaongeza mwendo.

Wifi, mke wa kaka yake, alifanya kazi kwenye maabara ya samaki. Kazi yake ilikuwa kuwakamata wafanyabiashara wanaouza samaki wa bei poa kwa jina la samaki wa bei mbaya. Alikata kipande cha mnofu, mashine ikakisoma na kutoa mfuatano mrefu wa herufi nne zilizojipanga kwa mpangilio wa kiumbe yule, na mfuatano huo ukapelekwa kwenye benki ya vinasaba kulinganishwa na mifuatano ya viumbe wengine. Samaki hawezi kukana herufi zake. Kinyaa siku zote alimwonea wivu kwa kuwa na washitakiwa wa namna hiyo.

"Nimekutandikia gazeti jipya," alisema Wifi, akimwonyesha kiti. "La jana kaka yako amelilalia."

Kinyaa akakaa juu ya gazeti, akampa ripoti. Wifi alikuwa anakunja nguo zilizojaa kochi zima, na aliendelea kumtania kuhusu kitambaa chake mpaka macho yake yalipofika kwenye ile namba. Akaliweka shati chini.

"Ng'ombe kwa ng'ombe ni tisini na tisa na kitu," alisema. "Themanini na mbili? Hata mimi na wewe tukifananishwa na ng'ombe tunakaribia hapo."

Kinyaa akamwomba aitafute nyama ile kwenye benki yeye mwenyewe, palepale, yaishe. Wifi akakataa. Hakuwa mtaalamu aliyekula kiapo mbele ya mahakama, na tena alikuwa wifi wa mpelelezi. Wakili yeyote aliyeamka vizuri angeuliza swali moja tu na ushahidi wote ungetupwa nje. Faili alikabidhiwa Kinyaa. Kama yeye ndiye angelifanya jambo hilo kwa mikono yake na kuweza kulieleza hatua kwa hatua, lisingetosha kumfunga mtu, lakini lingetosha kulazimisha kipimo kirudiwe kabla ya Jumatatu.

"Nitakufundisha kubisha hodi," alisema Wifi. "Kuingia utaingia mwenyewe."

Akamwekea kompyuta ya mkononi mezani. Kinyaa akavifuta vitufe vyote kwa spiriti, kimoja kimoja, Wifi akimsubiri kwa subira ya mtu aliyekwisha zoea. Mpaka siku hiyo kompyuta kwake ilikuwa chombo cha kuandikia maelezo ya mashahidi. Sasa alitakiwa kuandika programu, yaani maagizo, mstari mmoja chini ya mwingine, ambayo kompyuta ingeyatii bila kuuliza. Hilo la kutii bila kuuliza lilimtia wasiwasi tangu mwanzo. Alikwisha fanya kazi na makonstebo wa namna hiyo.

Kabla ya yote aliandika anwani yake ya barua pepe. Alitaka kujua ni ya nini, akaelezwa kwamba benki ile iko wazi kwa mtu yeyote, lakini wenyewe wanapenda kujua nani anagonga, ili akileta fujo wawe na pa kumtafuta. Kinyaa aliona hiyo ni adabu nzuri, na kwamba kuna ofisi za serikali zingefaa kuiga. Kisha akataja chumba anachotaka kuingia, kwa sababu benki ile ina vyumba vingi, vya vinasaba, vya protini, vya makala za utafiti, na asiyetaja chumba anabaki kibarazani. Ndipo likafuata swali lenyewe.

Mara ya kwanza alisahau kufunga mabano. Mara ya pili aliyafunga mahali pasipostahili, na skrini ikajaa malalamiko mekundu kutoka juu hadi chini. Akatukana kwa sauti ya chini. Wifi akamwambia asihangaike na yote hayo, asome mstari wa mwisho tu, kwani ndipo kompyuta inapolisema kosa lenyewe na mengine ni kelele za njiani. Kinyaa akausoma mstari wa mwisho. Kweli, kosa lilikuwa hapo, limesemwa waziwazi. Aliwaza kwamba angependa kuwa na mashahidi wa hivyo.

Rekodi yake ya kwanza ilikuwa ya sato, samaki wa kawaida kabisa, aliyemwita kwa namba yake ya benki. Herufi zikamiminika kwenye skrini, A na C na G na T, ukurasa baada ya ukurasa. Hapo tamaa ikamwingia. Akaandika agizo la kuomba mamia ya rekodi kwa mfululizo, bila kupumua, na benki ikamfungia mlango.

"Umegonga kama mtu anayekimbizwa," alisema Wifi. "Omba, subiri kidogo, ndipo uombe tena. Wewe si mteja peke yako."

Wakati wanasubiri hasira za benki zishuke, Wifi alimletea chai. Kinyaa akachungulia ndani ya kikombe kabla ya kunywa. Wifi alimwona na akatazama pembeni.

Kwenye kiambatisho cha ripoti, Mkemia alikuwa ameweka mfuatano wa herufi za nyama ya shule pamoja na programu aliyoitumia, kwa kuwa kanuni za maabara zinataka hivyo. Kinyaa alikuwa amechoka na mabano. Aliichukua programu ya Mkemia nzima nzima, akainakili, akabadilisha barua pepe tu. Wifi akamuuliza kama ameisoma. Kinyaa akasema ameisoma. Ukweli ni kwamba aliipitisha macho juu juu, kama mtu anayepita mbele ya duka lililofungwa.

Akaiamuru ifanye kazi. Jibu likaja upesi: ng'ombe, asilimia themanini na mbili.

Moyo ulimshuka. Alikuwa ameingia kwa mlango wa mbele, kwa jina lake mwenyewe, na benki ya dunia nzima ilikuwa imemwambia lile lile ililomwambia Mkemia. Pengine namba hiyo ndogo ilikuwa na maelezo yake ya kitaalamu. Pengine Mpishi alikuwa muuaji tu kama wauaji wengine, na chupa ya sumu aliitupa chooni. Kinyaa akaanza kukusanya karatasi zake, akifikiria jinsi Mkuu atakavyocheka akisikia kwamba alikwenda kujifunza kompyuta kwa wifi yake.

Lakini alikuwa na mazoea yake ya kazi. Shahidi akimpa jibu lilelile mara mbili bila kupepesa macho, Kinyaa humuuliza kitu ambacho yeye Kinyaa anakijua tayari, aone atasema nini. Akakaa tena juu ya gazeti. Akazifuta herufi za nyama, akaweka mahali pake herufi za yule sato, akaiamuru programu ya Mkemia itafute.

Ng'ombe, ilijibu programu.

"Wifi," alisema Kinyaa, "huyu samaki wako ni ng'ombe."

Wifi alicheka mpaka akashika ukuta. Kinyaa hakucheka. Aliirudia programu kutoka juu, safari hii akiisoma kama anavyosoma maelezo ya mshitakiwa, mstari kwa mstari, kidole kikiwa kwenye skrini aliyoifuta mwenyewe. Katikati, ndani ya agizo la kutuma swali, palikuwa na mstari mfupi uliotaja kiumbe wa kutafutwa: Bos taurus. Alimuuliza Wifi huyo ni nani. Wifi akaacha kucheka.

Lilikuwa jina la kitaalamu la ng'ombe. Mstari ule uliiambia benki isiangalie popote isipokuwa kwenye zizi la ng'ombe, na benki, kwa utiifu wake wote, ikaleta ng'ombe aliyefanana kidogo na kile kilichoulizwa. Ingepewa samaki, ingepewa kuku, ingepewa hakimu mwenyewe, ingeleta ng'ombe.

Kinyaa aliutazama mstari ule kwa chuki. Watoto watatu walikuwa wamezikwa, mwanamke alikuwa amelala sakafuni mahabusu, na kati yao palikuwa na mstari mmoja mfupi ambao hakuna aliyejisumbua kuusoma. Hata yeye aliupita hivi punde tu, mvivu kama wenzake. Alijinukia vibaya.

Akaufuta. Akarudisha herufi za nyama ya shule, akatuma. Programu ikasubiri, ikauliza kama jibu tayari, ikasubiri tena kwa adabu. Halafu likatokea jina refu la Kilatini ambalo Kinyaa hakulijua, Canis lupus familiaris, na mbele yake asilimia tisini na tisa na ushei. Lilirudiwa chini yake, na chini yake tena, ukurasa mzima.

Wifi alikuwa ameshika foronya. Akaipeleka mdomoni.

"Mbwa," alisema.

Kinyaa aliiona tena ile miguu iliyokauka juu ya ubao wa lori, na miili ya watoto iliyokakamaa vitandani, na akaona kwamba ni ukakamavu uleule. Mbwa wale hawakuwa wanafika kwenye shimo la kuzikia, au si wote. Kulikuwa na mtu aliyewateremsha, akawachuna, akawasaga pamoja na matumbo yao, na kuwapima kwenye mizani. Kwa miaka yote Wifi alimtania kwamba anaogopa sinki za watu. Siku hiyo aliishika sinki ya Wifi kwa mikono miwili na kutapika ndani yake, na baadaye alisahau kujifuta.

Mkemia aliitwa maabara Jumapili, akaja amevaa nguo za kutokea na uso wa mtu aliyekatiwa starehe. Chumba chake kilinuka dawa na kitu kingine kitamu kitamu ambacho Kinyaa hakutaka kukifahamu. Juu ya meza ya sampuli palikuwa na kikombe chenye utando wa maziwa. Kinyaa alibaki amesimama.

Hakumweleza kitu. Alimpa herufi za sato na kumwomba aziweke kwenye programu yake, kwenye kompyuta yake mwenyewe. Mkemia akafanya hivyo huku anaguna. Jibu lilipokuja aliinama akalisoma upya kutoka juu.

"Nani alikulipa?" Kinyaa aliuliza.

"Hakuna."

"Muuza Nyama?"

"Simjui hata sura." "Hiyo programu ilikuwa ya kesi ya wizi wa ng'ombe. Tulitaka kujua ng'ombe walioibwa ni wa ukoo gani, kwa hiyo nikaifunga kwa ng'ombe tu. Kesi ikaisha, nikaihifadhi. Hii ilipokuja nikabadilisha jina la faili."

"Na mstari?"

"Niliusahau, afande."

Kinyaa angependelea rushwa. Rushwa ina mtu aliyekaa akafikiri, akaogopa, akapima. Hapa hakukuwa na kitu, palikuwa na mwanamume msomi aliyebadilisha jina la faili na kwenda kunywa chai. Na hakuwa amemaliza. Kwa sauti ya kuomba ahurumiwe, Mkemia alieleza kwamba tangu kesi ile ya wizi, kila nyama iliyoletwa maabara ilipita kwenye programu hiyohiyo, ya mahoteli, ya hospitali, hata soseji za kantini ya polisi. Zote zilitoka ng'ombe. Alipewa cheti cha utendaji bora kwa kumaliza kazi haraka. Ripoti hii ikibadilishwa, itabidi zote zifukuliwe.

"Zitafukuliwa," alisema Kinyaa.

Mkemia akajaribu njia nyingine, na hii ilikuwa ya akili. Alisema mbwa hamwokoi Mpishi. Waliokufa waliuawa na sumu, si na mbwa, na mtu anaweza kuitia sumu kwenye nyama ya mnyama yeyote. Kinyaa alikubaliana naye. Alikuwa ametembea na jambo hilo tangu alipotoka kwa Wifi. Akamuuliza sumu aliipima kwenye nini. Kwenye mchuzi, alijibu Mkemia. Na kwenye nyama mbichi je, zile pakiti zilizochukuliwa kwenye friza ya shule zikiwa na muhuri wa Muuza Nyama, ambazo hakuna mkono wa Mpishi uliozifungua?

Mkemia akatazama kikombe chake. Hakuzipima. Zilikwisha onekana ni ng'ombe halali, hakuona sababu.

"Zitoe," alisema Kinyaa.

Alisimama nyuma yake mchana kutwa, mkono wa shati ukiwa puani, akiangalia kila alichokigusa. Pakiti zilipoyeyuka zilitoa harufu nzito ya koti lililolowa na kuachwa kwenye gunia. Mkemia mwenyewe aligeuza uso. Mashine ilipomaliza kusoma ikachora mstari uliopanda ghafla kama mlima, na mlima huo ulisimama mahali palepale uliposimama mlima wa sumu kwenye mchuzi. Pakiti ya pili ikachora mlima uleule. Mkemia akaandika ripoti mpya, na Kinyaa aliisoma yote, mpaka mistari midogo ya chini, kabla ya kumruhusu atie sahihi.

Mkuu wa kitengo alipopigiwa simu aliuliza kama ni kweli kuhusu soseji za kantini. Kinyaa akamjibu kwamba ni kweli zilipita kwenye programu ileile, na kwamba ni nyama gani hasa itajulikana zikipimwa upya. Simu ikawekwa chini bila kwaheri. Kinyaa hakuwahi kuona amri ya kukamata ikitolewa kwa kasi ile. Kufikia jioni Muuza Nyama alikuwa ndani pamoja na dereva wa lori la halmashauri, na dereva ndiye aliyezungumza kwanza. Alisema kuchimba shimo ni kazi ngumu, jua ni kali, na hakuna mtu aliyewahi kuja kuangalia kama shimo limechimbwa.

Jumatatu asubuhi Kinyaa aliipeleka mwenyewe hati ya kumwachia Mpishi. Angeweza kumtuma askari. Lakini kulikuwa na jambo dogo lililobaki likimwasha, na hakuwa mtu wa kuacha kitu kikimwasha.

Mpishi aliletwa kwenye chumba cha mahojiano, mwanamke mnene wa makamo ambaye nguo zake zilikuwa zimeanza kumpwaya. Kinyaa alimweleza kwa kifupi: sumu ilikuja ndani ya nyama, nyama ilikuwa ya mbwa, wenye makosa wamekamatwa, hakuna shitaka dhidi yake. Mpishi alilia kwa sauti, akashukuru, akamwombea heri yeye na watoto wake. Kinyaa alimwacha amalize.

"Binti yako hakuumwa tumbo," alisema.

Mpishi akajifuta macho kwa kiganja. Hakubisha. Labda aliona kwamba hakuna tena sababu ya kubisha, kwa kuwa uongo ule ulikuwa wa kumkinga na kitanzi na kitanzi kilikwisha ondolewa. Alisema nyama ilinuka tangu alipofungua pakiti. Hakujua ni nini, ila ilinuka vibaya, na ikawa inatoa povu la rangi asiyoizoea. Alimwambia Mtunza Stoo, naye akamjibu akaange sana na aongeze vitunguu, kwa sababu hakuna nyama nyingine mpaka wiki ijayo, na kama hataki kazi wapo wanaoitaka. Akakaanga sana. Akaongeza vitunguu. Kuonja, hakuweza.

"Na binti?"

"Nilipita karibu ya meza yake, nikamwambia asile."

"Na hao wengine?"

Mpishi alimtazama kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa kitu ambacho jibu lake liko wazi.

"Wengine wana mama zao, afande."

Kinyaa alibaki na kalamu mkononi. Hakuna kifungu cha sheria kilichomjia kichwani, na hati ilikuwa tayari, na ilikuwa halali. Akaitia sahihi. Mpishi akanyoosha mikono yote miwili ili amshike kwa shukrani. Kinyaa akamsogezea karatasi juu ya meza kwa ncha ya kalamu, akainuka, akaiacha kalamu palepale.

Nje ya lango binti alikuwa amesimama na mfuko wa nguo safi za mama yake, mzima, amechana nywele vizuri. Akamwamkia Kinyaa shikamoo. Kinyaa akaitikia marahaba, akampita, akaenda kutafuta bomba.